LibreOffice kwa hesabu za kikoba: mwaka mzima natuma PDF, Excel inabaki kwangu

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mweka hazina wa kikoba huku Tanga, Makorora, tupo wanachama 31, tunakutana kila Jumapili baada ya alasiri kwenye baraza ya mwenyekiti wetu, hisa moja elfu tano na mtu mwisho hisa tano kwa wiki. Nimeona niandike kuhusu LibreOffice, programu ya bure ya kompyuta inayofanya kazi kama za Excel na Word, mana nimeitumia mwaka mzima kwenye kazi moja tu, kutoa hesabu kwenye shiti kuzifanya PDF alafu kuzituma kwenye grupu letu la WhatsApp, na najua wapo waweka hazina wengi bado wanatuma faili la Excel lenyewe kama nilivokuwa natuma mimi. Naomba sana muache.

Mwaka juzi, wiki mbili kabla ya kuvunja, nilituma faili la hisa zote kwenye grupu ili kila mtu aangalie mstari wake mapema, siku ya kugawana pesa tusikae mpaka magharibi. Jumapili ikafika, bibi mmoja anatokea Mabawa, mtu mzima sana na hajawahi kukosa kikao, akanisogelea na simu ya mjukuu wake mkononi. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, hebu nisomee hapa pangu, huyu mtoto kanisomea mara tatu na mie naona anakosea. Nikasoma. Kwenye mstari wake imeandikwa 38,500. Kwenye laptopu yangu, pale pale mbele yake, ni 385,000. Sifuri moja imepotea, na ukiangalia vizuri 38,500 hata haigawanyiki kwa elfu tano, yaani haiwezekani kabisa kuwa hisa za mtu yeyote kwenye kikoba chetu, lakini nani anapiga hiyo hesabu akiwa ameshashtuka?

Kumbe lile faili halikutoka kwangu moja kwa moja. Mjukuu alilipata kwa mwanachama mwingine ambae alilifungua kwenye simu, akagusa ile seli akitaka kuikuza aone namba, kidole kikafuta sifuri, programu ya simu ikasevu yenyewe bila kumuuliza, nae akalifowadi hivo hivo kwa nia njema. Hakuna mwizi hapo. Lakini kabla hatujagundua, mtu mmoja alishasimama akauliza, kwa hiyo mweka hazina ana vitabu viwili? Tulikaa saa tatu siku hiyo, tukasoma kitabu cha kila mtu kimoja kimoja, mihuri ya hisa tukaihesabu kwa kidole, na namba zangu zikaonekana ziko sawa zote 31. Ila lile swali limenikaa mpaka leo, mana pesa zenyewe ni za watu wanaoamka saa kumi usiku kukaanga vitumbua.

Na hilo lilikuwa la kwanza tu. La pili ni la tarehe. Kwenye shiti ya mikopo nilikuwa nimeweka fomula ya TODAY ili ihesabu mtu kachelewa siku ngapi na faini yake imefika wapi, kwangu ilikuwa raha sana, naifungua tu na kila kitu kimeshajihesabu. Sasa ile fomula haikumbuki siku niliyotuma faili, inachukua tarehe ya siku unayofungua. Nimetuma tarehe 5, baba mmoja mvuvi yuko baharini hana mtandao, karudi kafungua tarehe 19, faili linamwambia kachelewa siku 14 zaidi na faini imeongezeka, wakati marejesho yake ya kati hapo alishampa mkewe aniletee na nimeshayapokea. Alikuja mpaka dukani kwangu Ngamiani na simu mkononi kanyoosha mkono. Nilimuelewa kabisa. Namba ya kwenye faili lililotumwa ilitakiwa ibaki vile vile ilivyokuwa siku ya kutumwa.

La tatu linanihuzunisha zaidi mana liliingia nyumbani kwa mtu. Nilikuwa na kolamu ya wadhamini na namba za simu, nikaificha, nikajua imefichwa. Kuficha kolamu kwenye Excel ni kama kufunika sufuria na kawa, yeyote anayetaka anafunua, mtu anabonyeza sehemu mbili tu imefunguka. Ikafunguliwa, na mume wa mwanachama mmoja akajua kwenye simu ya jirani kwamba mkewe kamdhamini mtu mkopo wa laki sita. Tangu siku ile nimesema faili langu lenye fomula halitoki tena kwenye laptopu yangu.

Kuna na la fomula mpya, hili nalisema haraka. Mtoto wa dada yangu anasoma chuo, alinitengenezea shiti nzuri sana kwa fomula ya XLOOKUP, ile inayotafuta jina kwenye orodha na kuleta namba yake, kwake na kwangu inafanya kazi, kwa katibu wetu mwenye kompyuta ya zamani kidogo inatoa #NAME? kila mahali. Sio virusi, ni kwamba XLOOKUP ilitangazwa 2019 na Excel za kabla ya ile ya 2021 zile za kununua mara moja haziijui, Excel 2016 na 2019 zote hazina. Kwa hiyo faili lile lile, watu wawili, wanaona vitu viwili. LibreOffice yenyewe imeanza kuijua XLOOKUP kwenye toleo la 24.8 lililotoka Agosti 2024, kwa hiyo ukiweka toleo la nyuma ya hapo nayo haitoielewa. Ukishageuza kuwa PDF hili jambo halipo tena, mana inayosafiri ni namba yenyewe iliyokwisha kupatikana.

Basi nikaanza na PDF kwa kutumia programu moja ya simu, jina nalihifadhi. Ilikuwa na kitufe cha kugeuza shiti kuwa PDF, bure, nikakitumia kama miezi minne hivi. Usiku mmoja wa Jumamosi programu ikawa imejiapdeti, nabonyeza kile kile kitufe inaniambia lipia kwanza kwa mwezi. Sina ugomvi na mtu anayetoza kazi yake, watu wanakula kwa hiyo kazi. Kilichoniumiza ni kwamba ni saa nne usiku, kikao kesho, na mlango niliokuwa napitia kila wiki umefungwa nikiwa ndani. Asubuhi nikakimbilia steshenari, mashine yao ina Office ya 2007 ambayo haijawahi kuapdetiwa, unafungua Save As PDF haimo. Nikaprinti karatasi nne mia mbili mbili, nikazipiga picha, nikatuma picha. Zilisomeka kwa tabu.

Baadae nikataka kujua kwa nini Office ile PDF haimo, na hii historia nadhani inafaa kila mtu aijue. Mwaka 2006 Microsoft walikuwa wameshaandaa Office 2007 iwe na kusevu kwa PDF, wenye PDF ambao ni Adobe wakapinga, mazungumzo yakashindikana, Microsoft wakakitoa kile kitu ndani ya programu wakakiweka pembeni kama nyongeza ya kupakua bure. Kikarudi ndani kwenye apdeti kubwa ya pili, Service Pack 2, mwaka 2009. Katikati hapo, 2008, PDF ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO, namba yake ISO 32000, yaani haiko tena chini ya kampuni moja. Kwa hiyo mashine ambayo haikuwekewa ile nyongeza wala ile apdeti imebaki bila PDF mpaka leo. Makubwa wawili wanabishana Marekani, mweka hazina wa Makorora anakosa kitufe asubuhi ya Jumapili. Ndio mana nikasema natafuta kitu ambacho hicho kitufe kimekaa muda mrefu na hakuna wa kukiondoa.

Na hapo ndio LibreOffice inapopata nyota zake kwangu. Inatoka kwenye ukoo wa OpenOffice, programu ya bure iliyotangulia, walijitenga 2010, inasimamiwa na taasisi isiyo ya biashara inaitwa The Document Foundation, ipo Berlin Ujerumani. Kitufe cha kutoa PDF kwenye ukoo huu kipo tangu OpenOffice 1.1 ya mwaka 2003, miaka ishirini na zaidi, na ukiipakua LibreOffice kwenye tovuti yao yenyewe ni bure, kitufe kimo. Wanaomba mchango, ukiwa nacho unatoa. Na kwa sisi Watanzania ukoo huu sio mgeni, 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye mradi wa Kilinux wakishirikiana na Waswidi walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili, nikisoma habari ile nafarijika kwamba kuna watu walifikiria mama wa kikoba kabla sijawa mmoja.

Kupakua ni mia tatu na kitu MB, mimi nilitumia bando la usiku. Inaingia kwenye Windows, Mac na Linux. Sehemu ya hesabu inaitwa Calc, faili langu la Excel ililifungua bila shida, maandishi ya Calibri inayabadilisha yanakuwa Carlito ambayo upana wake ni ule ule kwa hiyo mistari haihami. Menyu zake ni za mtindo wa zamani, maneno juu kisha orodha inashuka, wengine hawapendi, mimi naona ni rahisi kumuelekeza mtu kwa simu.

Sasa PDF yenyewe. Ya kwanza niliyotoa ilikuwa kurasa 14. Majina yako ukurasa wa kwanza, jumla ya hisa iko ukurasa wa tisa, huwezi kujua namba ni ya nani. Usikate tamaa hapo, sio kwamba programu ni mbovu, shiti haina kingo na karatasi ina kingo, lazima uiambie ikate wapi. Nenda Format, kisha Page Style, kwenye Page weka karatasi ilale, alafu kwenye Sheet chagua ile ya kubana kwa upana na urefu, upana weka ukurasa 1, urefu acha wazi ujiendee. Kisha chagua eneo lako, Format, Print Ranges, Define. Kila kilicho nje ya hilo eneo hakitoki, na hapo ndipo kolamu yangu ya wadhamini inapobaki nyumbani. Hapo hapo kwenye Print Ranges ukiingia Edit kuna sehemu ya kurudia mistari, weka mstari wa vichwa vya kolamu ujirudie kila ukurasa, mana bibi akifika ukurasa wa pili anatakiwa ajue hii ni hisa na hii ni mfuko wa jamii.

Jambo ambalo nilijifunza kwa kuangalia watu wakisoma: kolamu 19 kwenye A4 iliyolala, ukiifungua kwenye simu ni sisimizi. Nikagawa. Natoa PDF ya kwanza ina kolamu tano tu, jina, hisa za wiki, jumla ya hisa, mkopo uliobaki, faini, na ukubwa wa karatasi nauweka A5 iliyosimama badala ya A4. Karatasi ikiwa ndogo herufi zinaonekana kubwa kwenye kioo cha simu, bila kuvuta vuta kwa vidole. Ya pili ndio kubwa kamili, hiyo naiprinti moja tu inakaa kwenye sanduku. Tangu nimeweka A5 hakuna mtu aliyeniletea simu nimsomee isipokuwa wale ambao macho yamechoka kweli.

Kutoa napita File, Export As, Export as PDF, linafunguka dirisha linakuuliza. Kuna na kitufe cha mkato pale juu kinachotoa PDF moja kwa moja bila kuuliza chochote, kwa barua ya kawaida sawa, kwa pesa za watu mimi sikigusi. Kwenye lile dirisha kuna kisanduku cha kutengeneza PDF ya mchanganyiko, yaani inabeba na faili la asili tumboni ili baadae mtu alifungue aliediti. Nisikilizeni hapa vizuri. Ukikitiki hicho, ile kolamu uliyoiacha nje inasafiri na PDF ikiwa imelala ndani, nje huioni. Hakikisha hakina tiki kila unapotuma.

Kwenye Security unaweza kuweka pasiwedi za aina mbili, moja ya kufungua na moja ya ruhusa. Ya kufungua siweki, nikiiweka watu watano wataisahau kabla ya magharibi. Naweka ya ruhusa, kuprinti naruhusu, kubadilisha naweka hairuhusiwi.

Lakini nisiwadanganye jamani, PDF sio jiwe. Ile ruhusa ni ombi ambalo programu zenye adabu zinaliheshimu na nyingine haziliheshimu. LibreOffice hii hii kwa upande wake wa Draw inafungua PDF isiyofungwa na unaweza kubadilisha namba ndani yake. Tofauti ni kwamba hapo mtu lazima akae chini akusudie, haitokei kwa kidole cha mtu anayetaka kukuza maandishi. Ajali zimekwisha. Wa kukusudia tunamkamata kwa njia ya zamani: kikao kinapofunga nasoma jumla kuu kwa sauti, katibu anaiandika kwenye daftari na tarehe, wale watatu wenye funguo za sanduku wanasaini, na PDF ninayotuma usiku ina jumla ile ile chini kabisa. Akija mtu na PDF yenye jumla nyingine tunafungua daftari, dakika moja limeisha.

TODAY nimeitoa. Sasa kuna seli moja juu naandika tarehe ya kikao kwa mkono na fomula zote za kuchelewa zinaiangalia hiyo, na PDF inatoka imeandikwa hesabu hadi tarehe fulani. Yule baba mvuvi sasa akirudi baharini anasoma hesabu ya siku ya kikao, anajua kilichokuja baada ya hapo kitaonekana kikao kijacho.

Kwa asiye na laptopu, LibreOffice kamili ya kukaa nayo kwenye simu ya kawaida sio njia, mimi namshauri atumie Google Sheets, unagusa nukta tatu, Share and export, Save as, unachagua PDF, napo ni bure. Ila uchaguzi wa kurasa kwenye simu ni mdogo kuliko kwenye kompyuta, jaribu kwanza kwa kujitumia mwenyewe uone linavotoka. Na usitume ile linki ya faili ukiwa umeacha ruhusa ya kuediti kwa kila mwenye linki, hiyo ni kurudi kule kule kwa sifuri ya bibi, tena safari hii inabadilika kwa watu wote kwa wakati mmoja.

Kwa ujumla naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu naizuia kwa sababu ya kurasa 14, mtu mpya anatakiwa akae nayo jioni nzima mpaka aelewe kingo za karatasi, na wengi wataacha kabla ya hapo. Sisi tumevunja salama mwaka huu, kuanzia saa kumi mpaka kumi na moja na nusu kila mtu kashaondoka na bahasha yake, bibi wa Mabawa alikuja na mjukuu, mjukuu kafungua PDF, bibi kafungua kitabu chake, wakalinganisha wenyewe pembeni pale barazani wala hawakuniita.

Nina shiti tupu niliyoipanga tayari, majina hayamo, eneo la kuprinti na A5 nimeshaiweka, anayeitaka aseme nitamtumia. Hiyo nitaituma ikiwa faili la kuandikia, mana ndio kazi yake.